Muhogo: Cheti Kitangulie Kivukoni

Kila mvua za vuli zinapokaribia, mafungu ya miti ya muhogo huanza safari zake katika Mkoa wa Mara. Mengine huvuka mpaka wa Sirari, wilayani Tarime, kutoka kwa ndugu hadi kwa ndugu; mengine hufungwa juu ya baiskeli kuelekea vijiji vya Serengeti; na yako yafikayo Kisorya, yakapakiwa kivukoni na kushushwa Rugezi, kisiwani Ukerewe. Aghalabu hayaulizwi yatokako. Huulizwa jina tu: je, hii ndiyo ile mbegu mpya?

Swali hilo halitoshi, na sababu zake wananchi wa visiwani, ambao ugali wao ni muhogo, wanastahili kuelezwa bila kufichwa.

Maradhi makubwa ya muhogo ni mawili. Batobato hukunja na kudumaza majani, hata mtoto hulitambua shamba lililougua. Michirizi ya kahawia ni adui mwenye hila zaidi. Jani hupata manjano kidogo kandokando ya mishipa, mti husimama kana kwamba ni mzima, na mkulima hungoja mwaka mzima. Siku ya kuchimba ndipo hukuta mzizi umeoza kwa ndani, mkavu na wa rangi ya kahawia. Maradhi yote mawili huenezwa na nzi weupe. Lakini kirusi cha michirizi hakidumu ndani ya nzi huyo zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo hawezi kukifikisha mbali. Anayekivusha maziwa na mipaka ni binadamu, kwa mkono wake, ndani ya pingili.

Michirizi iliandikwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu Storey wa kituo cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kuwa ni maradhi ya pwani, yasiyopanda juu ya mita 1,000. Ziwa Victoria lenyewe liko juu ya mita 1,100, na kwa hesabu hiyo watu wa Mara na Ukerewe walikuwa salama. Mwaka 2004 maradhi hayo yalizuka upya Uganda, tena katika mihogo iliyokwisha kuchaguliwa kwa ustahimilivu wake dhidi ya batobato. Mbegu iliyoshinda adui mmoja ikaangushwa na wa pili. Tangu hapo Kanda ya Ziwa nayo haikusalimika.

Hatusemi haya kuwabeza watafiti. Wale wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa miti, ili wapate mzao wenye nguvu. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa Namikonga ya Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya ni kitu kimoja, uzao wa Amani ule ule, uliotunzwa na wakulima zaidi ya nusu karne. Leo kituo cha Ukiriguru kinaendeleza kazi hiyo kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Mbegu bora zipo. Upungufu wetu uko baina ya kituo na shamba.

Na hapo viongozi wa wilaya hawana budi kufanya hesabu. Ekari moja huhitaji pingili 4,000. Shina moja hutoa pingili kama 10 kwa mwaka, seuze mahindi, ambayo punje moja huzaa mamia. Basi wilaya inayotaka ekari 1,000 za muhogo safi lazima iwe na ekari 100 mwaka uliotangulia, na ekari 10 mwaka wa kabla yake. Ahadi ya mbegu mpya kwa kila kaya msimu huu, ikitolewa jukwaani bila ekari hizo 10, ni ahadi tupu, na mwenye lori atakuja kuijaza kwa miti ya popote.

Tunapendekeza ekari hizo zitengwe mapema katika Tarime na Serengeti, mbali na mashamba makongwe ya muhogo, mikononi mwa wakulima wanaojulikana kwa majina, wakaguliwe na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu. Mti unaougua ung'olewe mara uonekanapo. Inauma kung'oa chakula kinachokua, tunalijua hilo. Ndiyo maana Halmashauri imlipe mkulima hasara hiyo badala ya kumhutubia.

Ama Kisorya, kumweka bwana shamba akague mafungu tu hakutasaidia sana. Mti uliokwisha kukatwa na kupukutika majani hauonyeshi ugonjwa wake kwa urahisi. Ukaguzi ufanywe shambani, mimea ingali na majani, na cheti kisafiri pamoja na mzigo. Kazi ya mtu wa kivukoni iwe kukidai cheti hicho, na mzigo usio nacho urudi ulikotoka kabla ya kuifikia Ukerewe au Ukara.