Sisi wa Desturi na Kura Yetu

Sisi tunashika mambo ya wazazi: ndoa, sala, heshima kwa wakubwa. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo na, katika miji mikuu ya majimbo, washauri wa komini, yote siku moja.

Kwa rais na wabunge wa taifa tulifuata chama cha nyumbani. Kwa jimbo tulisimama kidogo, maana wabunge wa jimbo ndio wanaochagua gavana na maseneta. Tukaulizana: huyu analipa madeni yake? Nyumba yake ina amani?

Kwa komini tulichagua mama wa chama kingine. Hakutugawia vikwembe, tulizibua naye mfereji wa mtaa. Wengine walisema tumegeuka. Hapana. Wazazi hawakutufundisha rangi ya chama, walitufundisha kumpa kazi mtu tunayemjua kwa kazi.

Kikwembe kinachakaa mwaka moja. Cheo ni cha miaka mitano. Siku ile ikirudi, wamama, tuulize mbele ya kupokea.