Tusing'oe Moyo wa Gari la Kale

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wamiliki wa magari ya kale kuyapaka rangi upya, kuyang'arisha vyuma, kisha kuung'oa mfumo wake asilia wa kuwasha injini na kutia wa kielektroniki. Nami nilifanya hivyo, na majuto ni mjukuu.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniachia Peugeot 404, gari la aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka michache iliyopita, duka moja liliniuzia kijisanduku cha kielektroniki, nikahakikishiwa kwamba nimeagana na pointi na kondensa. Fundi akavitupa vya zamani pipani. Jioni moja, karibu na Kibwezi, injini ikazimika. Mzee mmoja, fundi wa kando ya barabara, akafungua distributa, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ungekuwa na pointi ningezipiga msasa ukaenda zako. Hiki kimezibwa. Kikifa, kimekufa."

Gari lilirudi Nairobi juu ya lori.

Mfumo wa betri, koili na pointi ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering takriban mwaka 1910. Pointi ni vipande viwili vya chuma. Vikigusana, umeme wa betri hupita katika koili. Vikiachana, koili hutoa maelfu ya volti na cheche huruka kwenye plagi. Kondensa nayo huzuia cheche isiruke kwenye pointi zenyewe na kuziunguza. Kila hatua yaweza kukaguliwa kwa vifaa vichache. Mwanafunzi hufuata njia ya umeme kutoka betri hadi plagi kama afuatavyo sentensi kutoka kiima hadi yambwa, na kosa hulitambua mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba pointi huchakaa, na kwamba pengo lake la takriban milimita 0.4 halina budi kupimwa kila baada ya muda. Ni kweli. Kijisanduku hakina usumbufu huo. Wala sisemi waya zilizopasuka ziachwe zije kuteketeza gari. Zibadilishwe, ila kwa unene na rangi zile zile. Lakini anayetaka wepesi ana magari ya kisasa tele. Gari la kale ni hati. Sisi wanaisimu twajua kwamba tenzi nyingi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimenakiliwa kwa herufi za Kilatini, na wengi wamefaidika. Hata hivyo, mtafiti akitilia shaka neno, hurejea kwenye hati ya awali. Ole wake iwapo mnakili aliichoma!

Busara hii si yangu peke yangu. Mkataba wa Turin, uliopitishwa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, mwaka 2012, wahimiza kwamba mabadiliko yawe ya namna inayoweza kutenguliwa, na vipuri asilia vilivyoondolewa vihifadhiwe pamoja na gari. Basi, anayelazimika kubadilisha asikate waya za asili, na distributa ya zamani aitie sandukuni, ikiwa na maelezo yake.

Kwenu walimu wa vyuo vya ufundi, nawasihi msiuze injini kuukuu zilizo katika karakana zenu kama vyuma chakavu. Mwanafunzi aliyeielewa pointi ataelewa pia kazi ya kijisanduku kilichochukua nafasi yake. Aliyeanzia kwenye kijisanduku atajua kukinunua tu.

Nilipopata distributa nyingine ya zamani, nilimrudia yule mzee anitegeshee pointi. Nikamuuliza anamrithisha nani ujuzi wake.

"Nimfundishe mtu kwa gari gani," akajibu, "nanyi mnang'oa kila kitu?"

Swali hilo sikuweza kulijibu. Ni juu yetu sote kulijibu kabla mzee hajaifunga karakana yake.