Heliamu ya Rukwa isafiri pamoja na vijana wetu

Chini ya Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, umelala mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Viini vya urani na thori vilivyomo kwenye miamba ya aina hii huvunjika polepole, na chembe za alfa vinazozitema hugeuka heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walieleza kuwa joto la Bonde la Ufa ndilo lililoitoa gesi hiyo mwambani hadi ikajikusanya katika bonde la Rukwa. Tangu hapo tumejadili leseni na mrabaha, lakini utaalamu wa kuitumia gesi yenyewe tumeusahau.

Mfano wa utaalamu huo uko Gran Sasso, Italia: katika maabara iliyo chini ya mwamba wa mita 1,400 unaozuia miale ya anga, mtambo wa CUORE una fuwele 988 za oksidi ya teluriamu. Mitambo inayotumia heliamu huzipoza hadi takribani sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, kwa kuwa ni katika ubaridi huo tu ambapo joto dogo la kiini kimoja kuvunjika linaweza kupimika. Wanasayansi wanatafuta kiini kinachotoa elektroni mbili bila hata moja ya zile chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino. Hakijaonekana bado. Kikionekana, kitasaidia kueleza kwa nini ulimwengu una maada badala ya kuwa mtupu.

Wapo watakaosema Mitundu inahitaji maji na zahanati kwanza. Ni kweli, wala sidai tuchimbe maabara Singida. Ila mashine nyingi za MRI katika hospitali zetu hupozwa kwa heliamu hiyo hiyo, na fundi anayeielewa mitambo ya ubaridi ataitumikia hospitali kama angeitumikia maabara. Wengine watasema sayansi hii ya nyutrino si ya Waafrika, ilhali mwaka 1965 nyutrino za angani zilinaswa ndani ya mgodi wa dhahabu wa Afrika Kusini, na Friedel Sellschop wa Johannesburg alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo.

Kanuni za madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania tayari zinadai mafunzo na uhawilishaji wa teknolojia. Wizara ya Madini na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) wazitumie: kila mkataba wa heliamu ugharimie vijana wa vyuo vyetu kusomea fizikia ya ubaridi mkubwa, wakiwemo wa Itigi.