Picha ya Garimoshi si Siri ya Taifa

Sisi watu wa visiwani tulilijua garimoshi zamani, kisha tukalisahau. Reli iliyojengwa mwaka 1905 kutoka mjini Unguja hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi, iling'olewa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kilichobaki ni picha: garimoshi linapita baina ya nyumba, na watu wamejibanza ukutani. Lau wapigaji wa picha zile wangezuiwa, leo tungebishana iwapo reli hiyo ilipata kuwapo.

Hayo niliyakumbuka hivi karibuni nikiwa Njombe, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Mwanawe, kijana wa miaka 14, alinisihi: "Mjomba, twende Makambako tukapige picha za treni." Ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Tukaondoka alfajiri, kwa baridi ambayo mtu wa pwani haisahau upesi.

Tulisimama kando ya barabara ya umma, mbali na stesheni. Jua lilikuwa limekwisha panda lilipotokea garimoshi la mizigo kutoka upande wa Mbeya, nasi tukahisi ardhi ikitetema miguuni. Kijana akapiga picha saba au nane. Mara akatokea bwana mmoja asiye na sare wala kitambulisho, akaamuru zifutwe. Tulipouliza ni kwa amri ya nani, alijibu neno moja tu: "Usalama." Kijana akazifuta zote. Behewa la mwisho lilikuwa limekwisha pita.

Neno hilo hatulidharau. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, iliiondolea Zambia utegemezi wa njia za makaburu. Ndiyo maana Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja lake la Chambeshi, nchini Zambia. Siku zile mwenye kamera kando ya reli alistahili kuulizwa maswali. Lakini Zimbabwe ilijitawala mwaka 1980, na Afrika Kusini ikapata serikali ya wengi mwaka 1994. Leo njia yote huonekana katika picha za satelaiti. Adui ana haja gani na kamera ya mwanafunzi?

Tunawaomba wahusika waweke mabango pale palipokatazwa kweli, iwe ni darajani, kwenye mahandaki au kwenye mitambo. Pasipo na bango, mwananchi aachwe. Na mwenye kuzuia aonyeshe kitambulisho, aitaje na sheria. "Usalama" si sheria.

Jambo hili lina haraka yake. Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ufufuo ni neema, lakini injini na mabehewa waliyoyazoea wazee wa Makambako hayatadumu milele. Yakiondolewa, wajukuu wao wataonyeshwa nini?

Kijana anataka kurudi Makambako likizo ijayo. Tungependa kuambiwa kabla ya hapo ruhusa aiombe kwa nani.