Timu Iliyofungwa na Jezi Yake

Timu ya mpira wa kikapu inaweza kupoteza mechi kwa njia nyingi. Kuna inayokosa mitupo huru, kuna inayoishiwa pumzi robo ya nne, kuna inayokutana na jitu lenye mikono mirefu kuliko foleni ya mafuta. Sisi wa Bujumbura tumeongeza njia yetu wenyewe: timu yetu ilifungwa na jezi yake. Mpinzani hakutoa jasho hata tone moja.

Ndugu msomaji, kama umesahau, nikukumbushe. Mwezi wa tatu mwaka 2024 klabu ya Dynamo ilikwenda Pretoria, Afrika Kusini, kucheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ile BAL iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Burundi kufika huko. Tarehe 9 ikacheza na Cape Town Tigers, wenye nchi, ikawapiga 86 kwa 73. Tarehe 10 ilitakiwa ikutane na FUS Rabat ya Morocco. Haikucheza. Tarehe 12 ilitakiwa ikutane na Petro de Luanda ya Angola. Haikucheza tena, na kwa kukosa mara ya pili ikatolewa katika mashindano. Siku nne: tumeingia, tumeshinda, tumegoma, tumerudi nyumbani. Hata harusi za kwetu huchukua muda mrefu kuliko huo.

Sababu ilikuwa maneno mawili yaliyoandikwa kwenye jezi za timu zote za ligi: "Visit Rwanda", yaani tembelea Rwanda. Rwanda ni mdhamini wa ligi. Na Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda tangu tarehe 11 Januari mwaka huohuo. Maagizo kutoka nyumbani yakawa kwamba maneno hayo yasionekane kifuani mwa Mrundi. Mechi ya kwanza vijana walicheza wameyafunika kwa utepe wa gundi, huu ambao sisi tunauita skochi. Ligi ikasema skochi si sehemu ya jezi. Nyumbani wakasema maneno hayo si sehemu yetu. Katikati wakabaki vijana warefu wameshika mpira.

Hapa kartie yetu ya Gihosha kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema wangegeuza jezi nje ndani, akasahau kwamba namba nazo zingeingia ndani na refa angebaki kuita faulo kwa sura. Mwingine alishauri wachaguliwe wachezaji wenye ndevu ndefu za kufika kifuani. Fundi cherehani akasema angepewa usiku mmoja tu, angeshona mfuko juu ya maneno, na mchezaji angepata pa kuweka simu. Tulicheka sana. Lakini kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyeangusha chakula chini mbele ya wageni: anacheka ili wasione kwamba ana njaa.

Mimi ni shabiki wa Dynamo, na ninaandika kubisha. Kukataa jezi si dhambi. Kosa lilikuwa kukataa baada ya kupanda ndege, kisha bili ya kukataa wakapelekewa wachezaji, watu pekee katika kisa hiki ambao hawakuandika mkataba wowote wa udhamini wala hawakufunga mpaka wowote.

Tuanze na kalenda, kwa sababu kalenda haina chama. BAL ilianza mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza wote ulichezwa Kigali. Fainali za 2022 zikawa Kigali. Za 2023, Kigali. Rwanda haikujitokeza kama mdhamini usiku wa kuamkia mechi yetu; ilikuwa pale tangu mwanzo, na jina lake lilionekana katika kila mechi iliyorushwa kwenye televisheni. Dynamo ilipopigania tiketi ya kuingia ligi hiyo mwishoni mwa 2023, mtu yeyote mwenye macho mawili, au hata moja, angeweza kusoma kilichoandikwa kwenye jezi ilizokuwa inazitafuta. Mpaka ulipofungwa mwezi wa kwanza, kulikuwa bado na takriban miezi miwili kabla ya Pretoria. Miezi miwili! Kwa miezi miwili mtu anaweza kuandika barua, kusubiri jibu, kuandika ya pili na kusafiri kwenda kuuliza kwa nini ya pili haijajibiwa.

Kuna jambo la kuchekesha zaidi. Hatua ya mwisho ya mwaka 2024, ile ya timu nane, nayo ilipangwa kuchezwa Kigali. Maana yake ni kwamba zawadi ya kufanya vizuri Pretoria ilikuwa safari ya Rwanda. Basi nauliza: kama maneno "tembelea Rwanda" hayavumiliki kifuani, tungefanyaje kama tungeshinda na kuambiwa tuitembelee kweli? Tungefunga macho kwa skochi? Aliyekubali mashindano ambayo fainali yake iko Kigali alikuwa ameshakubali jambo kubwa. Kuja kugombana na maandishi ni kukubali kula nyama na kukataa mchuzi.

Na sasa tuhesabu faida. Nia ilikuwa kuinyima Rwanda tangazo. Kabla ya Machi 2024, maneno yale yalikuwa kama maandishi yote ya kwenye jezi: jicho linayapita. Tulipoyafunika, kila kamera ikayatafuta. Magazeti ya Ulaya na Marekani ambayo hayajawahi kuandika sentensi moja kuhusu mpira wa kikapu wa Burundi yaliandika kisa chetu, na kila moja likalazimika kuyataja maneno yaliyofichwa ili msomaji aelewe. Skochi ya bei ya peremende ikawa bango kubwa kuliko jezi zenyewe. Kama wale wa Kigali wangekuwa na adabu, wangetulipa.

Wakati huohuo, piteni siku yoyote katika mitaa yetu, Gihosha, Kamenge, Buyenzi, mhesabu jezi za Arsenal. Kuanzia mwaka 2018 jezi hizo zilibeba kwenye mkono maneno yaleyale. Vijana wamezivaa, baba zao wamezivaa, nyingine zimeshuka kwenye mitumba na zimevaliwa na watu wanaochimba mitaro wasiojua Arsenal ni timu au ni sabuni. Kwenye mkono wa shabiki maneno hayo hayajaangusha nchi. Kwenye kifua cha mchezaji anayetafuta riziki, yakawa jambo la taifa.

Najua jibu litakalokuja, na si jibu jepesi. Watasema: mwanafunzi, wewe unacheka, lakini mwezi wa kumi na mbili 2023 watu 20 waliuawa Vugizo, upande wa Gatumba, wengi wao watoto. Serikali ilisema waliofanya hivyo wanasaidiwa na Rwanda, Rwanda ikakana. Utawavalishaje vijana wa nchi yenye msiba tangazo la nchi inayoshutumiwa? Hoja hii naiheshimu. Siichezei. Mtu akiniambia kwamba kuna mambo makubwa kuliko mpira, namwitikia ndiyo bila kusita.

Lakini hoja hiyo, ukiifuata mpaka mwisho, inadai tuwe tumekataa mapema. Kama heshima ya marehemu ndiyo iliyokuwa mezani, ilikuwa mezani tangu Desemba. Ilitakiwa klabu isimame mwezi wa kwanza au wa pili, iseme kwa sauti: hatutakwenda, na sababu ni hii. Tungeumia, lakini tungeumia tumesimama, na dunia ingesikia sababu. Badala yake tulikwenda, tukacheza mechi moja, tukafunika, tukafunuliwa, tukafukuzwa. Dunia ilisikia habari ya utepe wa gundi. Habari ya Vugizo ilipata mistari miwili chini kabisa. Msiba ule ulistahili sauti bora kuliko skochi. Wazee walisema: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tulivua, tukaingia hadi magotini, kisha tukaanza kubishana na mto.

Watani wetu wa Dar es Salaam wanajua kugomea nembo, tujifunze kwao. Yanga iliwahi kugoma kuweka nembo nyekundu ya Vodacom kwenye jezi, kwa sababu nyekundu ni rangi ya Simba, na afadhali mwana Yanga avae gunia. Ugomvi wa kitoto? Pengine. Lakini viongozi ndio waliobishana na wadhamini, nembo ikawekwa kwa rangi nyeusi, mpira ukachezwa. Mwaka 2021 Simba nao walikataa kubeba nembo ya GSM, mdhamini mwenza wa ligi, kwa kuwa GSM ni mfadhili wa Yanga. Ubishi ukawa wa barua na vikao, na mwishowe GSM ikajitoa. Unaweza kuwacheka wote wawili, mimi huwacheka kila wiki. Ila katika visa vyote viwili wenye tai ndio waliotoka jasho, na wenye jezi wakaendelea kucheza.

Tutazame na jirani wa magharibi. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipokuwa vinaila Goma, serikali ya Kinshasa iliandika kwa Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern München kuzitaka ziachane na udhamini huo wa Rwanda. Iliwaandikia wanaopokea fedha. Hakuna kijana wa Kikongo aliyevuliwa jezi ili barua ile isomwe. Mwezi wa nane mwaka huohuo Bayern ilibadilisha mkataba wake, ikaacha upande wa matangazo na kubakiza mafunzo ya vijana. Sisemi barua peke yake ilifanya kazi hiyo. Nasema kalamu ilikuwapo, nasi pia tuna kalamu.

Mfano wa upande wa pili nao upo. Aprili 2024, mwezi mmoja tu baada yetu, Algeria ilizuia jezi za RS Berkane ya Morocco kwa sababu ya ramani iliyochorwa juu yake. Mechi haikuchezwa, na CAF ikawapa Berkane ushindi wa 3 kwa 0 dhidi ya USM Alger, ambao hawakuchora ramani yoyote. Funzo ni lilelile: wakubwa wakigombana kupitia jezi, matokeo huandikwa kwenye jina la klabu.

Na aliyelipa kwetu ni nani? Mfikirie mchezaji aliyeanza kurusha mpira kwenye uwanja wa sementi, pete haina wavu, akapanda akicheza dhidi ya Urunani na wengine mpaka akafika BAL. Huko ndiko wanakokaa watu wanaotafuta vipaji. Mechi sita za Pretoria zilikuwa kwake kama mtihani wa taifa. Alifanya somo la kwanza akafaulu. Masomo mawili yaliyofuata aliambiwa akae chini, akaandikiwa sifuri. Angevaa, angekuwa na kesi nyumbani. Hakuvaa, akakosa ligi. Mguu wa mchezaji hausubiri mpaka ufunguliwe; ana miaka yake minane au kumi, basi.

Na kumbukumbu za ligi zina kejeli yake. Cape Town Tigers, timu pekee tuliyocheza nayo, na tukaifunga, ndiyo iliyokwenda Kigali kwenye nane bora. Petro de Luanda, waliopata ushindi wa bure kwetu, ndio waliotwaa ubingwa wa 2024. Sisemi tungewafunga. Nasema hatutajua kamwe, na shabiki anaweza kulala na kipigo cha pointi 30 kuliko kulala na swali.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, tena nayadai kwa Kiswahili rahisi ili mtu asisingizie tafsiri. La kwanza: klabu yoyote yetu ikipata tiketi ya mashindano ya nje, mkataba na jezi visomwe siku hiyohiyo, na wanaopaswa kukubali au kukataa waseme kabla ya tiketi ya ndege kununuliwa. La pili: wakiamua kukataa, taarifa itolewe nao wenyewe, kwa majina yao, wala wasimtume nahodha wa timu kuwa balozi. La tatu: anayeamuru mchezaji asicheze kwa ajili ya taifa, amlipe kwa niaba ya taifa. Askari analipwa kwa kulinda mpaka. Mchezaji aliyelinda mpaka kwa kifua chake anastahili angalau posho ya mechi mbili.

Haya hayahitaji msaada wa wafadhili wala semina ya hoteli. Yanahitaji mtu mmoja ofisini anayejua kusoma jezi. Mpaka apatikane, nawashauri Dynamo, Urunani na wote watakaofuata: kabla ya kupima urefu wa mchezaji, pimeni kwanza urefu wa maneno yaliyo kifuani mwake, na mwulizeni mkubwa kama yanapita mlangoni.