Nani atamlipa kijana wetu amsubiri chui?

Hivi umewahi kujiuliza kwa nini habari za chui wa Serengeti anazisimulia kila mtu isipokuwa sisi?

Ukipita Mwenge utakuta simba, tembo na twiga wa mpingo wamepangwa wakisubiri watalii. Mitaa hiyo hiyo ina vijana wenye kamera. Wanapiga harusi, send-off, kitchen party, kipaimara... Mwanga wanaujua, sauti wanaijua, na kuhariri video usiku kucha ni jambo la kawaida kwao. Kwa hiyo jamani tuache ule wimbo wa kwamba vijana hawana utaalamu. Kinachokosekana ni muda, na mtu wa kuulipia.

Mtazame Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Indonesia mwaka 1937. Mwaka 1962 National Geographic walimtuma Gombe, kule Kigoma, akapige picha za kazi ya Jane Goodall na sokwe. Baadaye waliona, wakaachana. Yeye akaweka kambi Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, akaishi huko miaka na miaka. Filamu yake The Leopard Son ya mwaka 1996 inamfuata mtoto wa chui tangu mdogo mpaka anapojitegemea. Kazi ya namna hiyo huimalizi wikiendi moja! Alifia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 2002, akazikwa Ndutu.

Alikuwa na kipaji, sibishi. Lakini alikuwa pia na watu walioelewa kwamba kusubiri ni kazi. Kijana wa Mwenge anasubiriwa na mwenye nyumba. Harusi ya Jumamosi inalipa Jumamosi, chui anaweza kulipa baada ya miaka miwili. Wewe ungechagua nini?

Wapo watakaosema, mzungu akipiga picha si watalii wanakuja hivyo hivyo? Ni kweli wanakuja. Ila mwenye kamera ndiye anayeamua nani aonekane na nani aachwe nje ya picha. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, walitengeneza Serengeti Shall Not Die, ikatoka mwaka 1959 na kuchukua Oscar. Michael alikufa kwa ajali ya ndege kabla haijakamilika. Iliwafanya watu wengi Ulaya waipende Serengeti. Mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai walitolewa Serengeti na kuhamishiwa Ngorongoro. Sisemi filamu ndiyo iliyowatoa. Ninachosema ni kwamba dunia ilijifunza kuiona ile mbuga kama nyumba ya wanyama, na binadamu aliyechunga pale akaonekana kama kero. Huyo mchungaji angekuwa na kamera, je?

Hata Royal Tour ya mwaka 2022, Rais wetu akiwa ndiye mwongozaji wa watalii, aliyeitengeneza ni Mmarekani, Peter Greenberg. Na TBC walianzisha Tanzania Safari Channel mwaka 2018. Jambo zuri, lakini chaneli isiyo na watengenezaji filamu ni kabati lisilo na nguo.

Ushauri wangu ni mdogo tu. TANAPA na TBC wachague vijana wawili kila mwaka. Wapewe kibali, gari, mafuta na mshahara wa miaka miwili, wakae Ruaha au Katavi na watafiti wa TAWIRI. Fedha zitoke kwenye ada wanazolipa wageni wanaokuja kupiga filamu hifadhini. Sharti liwe moja: filamu isimuliwe kwanza kwa Kiswahili, ili mtoto wa Temeke aijue tabia ya fisi bila kusubiri tafsiri.

Wengine wataharibu, ndiyo. Lakini akipatikana mmoja tu mwenye subira ya van Lawick, anayejua pia jina ambalo bibi yake alimwitia yule ndege wa mtoni, tutakuwa tumepata filamu ambayo mgeni hawezi kuitengeneza hata umpe miaka arobaini.

Wadau mnasemaje?