Umbali Ambao Hatuuhesabu

Mwaka 2005 jiji la Turin, Italia, lilipitisha kanuni ya kumtaka kila mwenye mbwa amtembeze angalau mara 3 kwa siku. Atakayekaidi atozwe faini ya hadi euro 500. Siidhihaki kanuni hiyo. Mnyama aliyefungiwa huteseka, naye mbwa huhitaji mwendo wake mwenyewe, akisimama na kunusa.

Hapa kwetu Nairobi, katika mtaa kama Karen, aghalabu anayeshika kamba ya mbwa si mwenye mbwa, bali mfanyakazi wa nyumbani. Mwajiri humpangia umbali na mwendo: asimkimbize mbwa akachoka, wala asimrudishe mapema. Lakini umbali ambao mfanyakazi huyo ameutembea tangu alfajiri kutoka Kibera, kwa kukosa nauli, hakuna anayeuuliza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, pamoja na makazi au posho ya nyumba inayotosha. Sheria basi tunayo. Tunachokosa, naamini, ni afisa wa kazi atakayebisha lango lile na kuuliza.